Mataruma Kumi na Moja ya Uaminifu

Jumatatu, 4 Machi 2019

Iingie kwenye kumbukumbu: leo saa mbili na dakika kumi asubuhi, mbele ya kioo na mbele ya mke wangu Romana, nimevaa tena kofia yangu ya reli. Imeshuka hadi masikioni. Romana kasema kichwa kimesinyaa. Nikamjibu kofia ndiyo iliyotanuka. Hakubishana. Kutobishana kwake ni tusi.

Sababu ya kofia: redio imetangaza kwamba reli ya Tanga hadi Arusha itafufuliwa. Ilifia mikononi mwetu, mimi nikiwa mshika bendera kwenye stesheni ndogo kabla ya Arusha. Kwanza abiria walihamia mabasi. Kisha mishahara ikachelewa. Kisha nyasi zikaota njiani na mbuzi wakazizoea. Mwaka wa mwisho nilipeperusha bendera ya kijani mara nne, na moja ilikuwa kwa ajili ya msafara wa harusi. Halafu ikaja barua ya mistari mitatu ya kunipunguza kazi, jina langu limekosewa. Nikahamia Babati, ambako reli haijawahi kufika. Nilitaka nisiione tena.

Sasa watahitaji wazoefu. Nina miaka hamsini na minane. Miwili iliyobaki kabla ya kustaafu inatosha kabisa kuwa mkuu wa stesheni.

Alhamisi, 7 Machi

Tadeo naye kasikia. Alikuwa mkata tiketi stesheni ileile. Hapa mtaani Maisaka anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, nadhani kwa makusudi. Nimemkuta kijiwe cha bajaji akiwaambia vijana kwamba enzi zake treni haikuchelewa. Enzi zake! Kuna treni iliyotarajiwa Jumanne ikafika Ijumaa, na yeye alikuwa amelala ndani yake. Vijana wanamwita Mzee wa Behewa. Mimi hawaniiti kitu.

Nikamdokeza kwamba naandika maombi ya kazi. Akawa mpole ghafla. Siku hizi hawatazami vyeti, akasema, wanatazama uaminifu. Waeleze ulichowatunzia, Baba Kandida. Sikutegemea akili kama hiyo kwa mkata tiketi.

Jumanne, 12 Machi

Barua imekamilika. Kurasa tatu! Nimeeleza kwamba wakati wenzangu wakiuza reli kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mimi nilihifadhi kengele moja, taa moja ya ishara, na mataruma kumi na moja, yale ya chuma yanayolala chini ya reli. Niliyaleta Babati kwa lori la mbaazi. Tangu hapo yamesimama wima yakishikilia paa la kibanda cha chakula cha mke wangu, nyuma ya soko, wala hayajapata kutu. Nimechora na ramani.

Romana kaisoma. Kauliza kama ni barua ya kazi au maelezo ya polisi. Kibanda hicho, akasema, ndicho kilichomsomesha Kandida hadi akawa mwalimu, na ndicho kinachonilisha mimi na kofia yangu. Futa hayo mataruma, Baba Kandida. Nikafuta. Alipokwenda kuloweka maharage, nikayarudisha. Barua imeondoka na basi la saa nne.

Ijumaa, 15 Machi

Simu kutoka Arusha! Sauti ya dada, mstaarabu mno. Shikamoo baba, barua yako imesomwa na ofisi nzima. Ofisi nzima! Akauliza kama mataruma ni kumi na moja kamili, na kama lori linafika hapo kibandani. Nikamhakikishia linafika. Wanakuja Jumatano. Bila shaka ni usaili. Nimepaka kofia kiwi.

Jumatano, 20 Machi

Lori limefika saa saba mchana, kibanda kimejaa wateja. Wanaume sita na mitarimbo. Kando ya dereva, ndani ya kizibao chenye kung'aa: Tadeo. Wamempa mkataba. Kazi yake ni kutambua mali ya reli iliyoibwa. Nikamuuliza yale mataruma ya banda lake la nguruwe yako wapi. Banda gani, akasema. Aliyauza mwaka juzi. Mikono yake misafi.

Nikajitambulisha kwa kiongozi wao kuwa ndiye mwandishi wa barua. Akanipa mkono kwa heshima. Hajawahi, akasema, kumwona mtu aliyejishtaki kwa ramani, na kwa hilo tu hatanipeleka polisi. Nikauliza kuhusu kazi. Alicheka mpaka akatafuta benchi.

Wateja walitoka na sahani zao, wakamalizia kula wamesimama. Mmoja akaniuliza kama chai bado ipo. Paa likashuka, bati moja moja. Kengele na taa walichukua pia. Romana alihamishia sufuria ya makande kwenye baraza ya jirani, akapakua mpaka ikaisha, akaosha sufuria, akakaa juu ya ndoo. Sikujua nisimame wapi.

Jumapili, 24 Machi

Siku nne Romana hajauza hata kikombe cha chai. Wateja wameshazoea kwingine. Mimi ananiambia neno moja tu kwa siku: kula. Kandida kapiga simu, akaomba aongee na mama yake.

Nimeutumia ukimya huu kufikiri. Kosa langu lilikuwa moja: barua ilikuwa fupi. Sikutaja vile vipande viwili vya reli vinavyobeba tangi letu la maji, wala mlango wa behewa ulioko chumbani kwetu. Wakiona nilivyo mkweli mara ya pili, watamtupa Tadeo nje na kizibao chake. Nimeandika kurasa tano. Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi.

Mvua imeanza saa nane mchana. Mkaa wote wa Romana ulikuwa kibandani.