Malalamiko Juu ya Mafundisho Yenu ya Tumbo la Mwezi

Muheto

Kwako Mama Muganga Adrienne Kasoki, mukubwa wa kituo chetu cha afya

Jambo linaloniandikisha: kuomba mufunge yale mafundisho ya wamama ya siku ya soko.

Mama Muganga,

Pokea kwanza heshima zangu. Mimi ni Nzabandora, baba yake Umuhoza, mulimaji wa viazi na maharagi hapa kilimani. Sikuzoea kulalamika. Wanaonijua watakuambia kama mimi ni muntu wa uvumilivu, na uvumilivu njo ninakuja kuutetea.

1. Nyumba yangu ilikuwa na amani. Kila mwezi Umuhoza alijikunja kitandani, akatapika, akauma kitenge ili wadogo wake wasisikie, na sisi wote tukalala vizuri. Tangu akusikilize, anathubutu kuniambia: "Papa, maumivu haya hayako ya kawaida." Ya kawaida! Mama yangu aliumia, dada zangu waliumia, na mimi nikavumilia yote.

2. Ulifundisha kwamba tumbo kuuma kidogo siku za kwanza haina shida, maji ya moto na kidonge vinatosha. Lakini eti kidonge kisiposaidia, ao mutoto akikosa masomo kila mwezi, lazima aonwe na muganga. Kukosa masomo ni shida gani? Mimi niliyaacha mapema kabisa, na leo ninakuandikia barua nzuri namna hii.

3. Umewapa wamama magonjwa ambayo hatukuwa nayo. Kumbe vivimbe vinaweza kuota ndani ya kizazi. Kumbe ile ngozi ya ndani ya kizazi inaweza kuota inje yake, ikatoa damu kila mwezi mahali pasipo na njia ya kutokea. Kumbe hata mikrobe, vile vijidudu vya ugonjwa, inapanda huko. Mambo hayo hayakuwa Muheto mbele ya wewe kuja hapa kutoka Butembo. Ninauliza kwa heshima tu: uliyaleta na kamyo gani ya mizigo?

4. Dawa tunazo. Mama yangu alimukanda Umuhoza tumbo na jiwe la moto mpaka ngozi ikababuka. Tulimupeleka mu chumba cha maombi, akaimbiwa usiku na muchana. Na ile dawa ya mwisho kila muntu hapa anaijua: aolewe, azae, itapona. Nimekwisha kumupatia muchumba, Kataliko, kijana mwenye duka kule Mubi. Badala ya kunishukuru, muke wangu Drocella ananirudishia maneno yako: eti kuzaa siyo dawa, na kama ni ule ugonjwa wa ngozi, unaweza hata kumuletea taabu ya kupata mimba. Sasa Kataliko nimuambie nini? Arusi ingoje muganga?

5. Hili limenichoma zaidi. Ulisema asingoje hata kidogo akizimia, akipata homa, akijaza kitambaa damu kwa saa moja, ao tumbo likimukamata gafula kupita siku zote. Mwezi uliopita Umuhoza alianguka mu shamba la viazi, akazimia. Wanawake walitaka kumubeba kuja kwako. Nilikataa, na sijuti. Leo ni Umuhoza, kesho ni wasichana wote wa kilima. Watapona, watamaliza shule, watatupangia mikutano mu kanisa, na mwisho wake, Mama, utaniona mimi Nzabandora nikisonga ugali.

Kwa hiyo ninaomba muwafundishe kujifunga kitenge vizuri na kunyamaza. Umuhoza nimemukataza kukanyaga kwenu mpaka arusi, na neno langu halirudi.

Unisalimie wauguzi wote, mulinzi wa mulangoni, na wale wamama wanaopima watoto kilo, hata wale wanaonicheka nikipita.

Mimi, mwenye kuvumilia,
Nzabandora

N.B. Tangu jana jino la nyuma limenikamata. Mama, haya siyo maumivu, ni kitu kingine kabisa. Shavu limevimba, nimelia mbele ya watoto, na sitaki kusikia muntu akiniambia nivumilie. Kidonge hakikusaidia, kwa hiyo kwa mafundisho yako mwenyewe ninapashwa kuonwa upesi. Tafazali, unitumie dawa yenye nguvu kwa huyu anayekuletea barua. Ni Umuhoza. Yuko mu siku zake na anatembea ameinama, lakini alijitolea mwenyewe, mutoto muzuri, na mama yake anamusindikiza. Wananingoja hapa mulangoni nimalize kuandika. Wamebeba blanketi, nguo za kubadilisha na sufuria, kama watu wanaokwenda kulazwa mu hospitali ya Kirotshe. Kwa jino moja tu, ninaona wamezidisha.