Jicho la Kuhesabu Vifungo

Jumatatu, 3 Juni
Mwekezaji katoa agizo: kila kitengo kiwasilishe mkakati wa teknolojia ifikapo Ijumaa. Kisicho na mkakati kitaunganishwa na bohari. Bohari! Chini ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayenicheka hata nikiwa kwangu nakula. Kitengo cha Mipango ni mimi na meza moja dirishani. Nimetazama mawingu hadi saa sita. Nimekiona kiwanda chetu cha vifungo kinang'aa kwa vioo, mashine zinanong'onezana, taifa zima limevaa mashati. Wachumi wanakiita kipindi cha mpito. Tangu serikali ituuze, tunapita tu. Mwaka wa saba.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata! Jicho la kuhesabu. Alikuja nalo mwekezaji, likalala kwenye kasha lake mwaka mzima kwa kuwa haikujulikana nani asaini ili lifunguliwe. Nimesaini mimi. Fundi wa mitambo kalifunga juu ya mkanda unaopeleka maboksi ya vifungo bohari. Linawaka jekundu, boksi likipita, namba inapanda. Fundi kasema haya, mzee wa mawingu, tuone. Nimemsamehe. Historia haitamkumbuka.

Jumatano, 5 Juni
Balaa. Kutwa nzima jicho limehesabu maboksi mia mbili. Ripoti zangu husema mia tisa kwa siku! Tangu enzi za serikali, ripoti ya mwezi huandikwa tarehe mosi, kabla kazi haijaanza, isije ikachelewa. Hakuna aliyewahi kulalamika. Nimemuuliza fundi kama jicho linaweza kuwa linasinzia. Kajibu kwamba wanaosinzia humu ndani anawajua.

Alhamisi, 6 Juni
Asubuhi nimemwomba fundi aunganishe mwisho wa mkanda na mwanzo wake. Kaniangalia sana, kisha kaunganisha. Maboksi yaleyale yanazunguka chini ya jicho, taratibu, kama sayari. Hadi jioni: elfu moja na mia nane! Nimekaa nikiutazama uchumi unavyokua. Wapakiaji nao wamekaa, hawana cha kubeba. Amani iliyoje! Shemeji kaja kuuliza mbona bohari haipokei kitu tangu asubuhi. Nimemwambia mambo ya teknolojia hatayaelewa. Kasema, "Shemeji, mimi naelewa boksi."

Ijumaa, 7 Juni
Mwekezaji kaona namba, kanikumbatia mbele ya watu. Uzalishaji umeongezeka maradufu kwa wiki moja! Papo hapo kapiga simu, kaita malori sita. Sikuwa nimewaza malori. Saa nane yakafika. Shemeji kafungua mlango wa bohari, kawaonyesha madereva sakafu. Lori la kwanza halikujaa hata nusu. Mwekezaji kauliza maboksi mengine yako wapi. Nikasema yako kwenye mchakato. Kaagiza meza yangu ihamishwe.

Jumatatu, 10 Juni
Bohari. Mlango ukiwa wazi, vumbi linaelea kwenye mwanga kama nyota ndogondogo. Mahali pa kuwazia. Nimemweleza shemeji kwamba mkakati haukuwa na kasoro; malori ndiyo yaliyowahi kabla uchumi haujawa tayari. Na kwamba bohari nayo ingefaa iwe na mkakati wake, mkubwa zaidi. Kanisikiliza hadi mwisho, asicheke hata kidogo. Kisha kanikabidhi ufagio.

Nimeuandikisha kwenye mkakati mpya: Awamu ya Kwanza.