Sahani Haziruki kwa Mnong'ono

Jumatano, 4 Juni

Balaa. Klabu imeleta mashine mpya.

Niseme ukweli, maana humu sisomwi na mtu. Nilijiunga na klabu ya kulenga sahani kwa sababu moja tu: kila mtu pale amevaa viziba masikio. Mchezo gani mwingine ambao watu wazima hawakuulizi habari za shule? Unasimama. Sahani ya udongo inaruka juu kama imefukuzwa. Unaifuata kwa mtutu, unafyatua. Inapasuka au haipasuki. Basi. Nilidhani nimefika kwetu.

Upo utaratibu wa kupaza sauti, "Vuta!", ndipo sahani irushwe. Lakini mimi nilikuwa na Shangazi. Shangazi ndiye aliyekuwa akibonyeza kitufe. Natikisa kichwa, anabonyeza. Miezi minane! Afande, kocha wetu, mwanajeshi mstaafu mwenye masharubu kama yamepigwa pasi, hakugundua kitu.

Sasa mashine ina maikrofoni. Imesimama kwenye kijiti mbele ya kila kituo. Ikisikia sauti, inarusha. Isiposikia, hairushi. Haijali wewe ni mtoto wa kaka yake nani.

Leo nimesema "vuta" mara sita. Sahani sifuri. Afande akaniuliza kama nasali.

Na Jumamosi ya wiki ijayo ni mchujo. Timu ya chipukizi imebakiza nafasi moja kwa mashindano ya vilabu. Tunaoigombea ni wawili: mimi na binamu yangu, mtoto wa Shangazi, ambaye ukoo mzima unamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Leo Redio kasema "Vuta!" akiwa kituo cha kwanza, sahani zikaruka cha kwanza, cha pili na cha tatu.

Naitaka nafasi ile. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Shuleni tunafundishwa kwa lugha mbili, na mimi huwa kimya kwa ufasaha katika zote mbili. Walimu huandika kwenye ripoti "mtulivu", maana yake hawaikumbuki sura yangu. Lakini sahani ikipasuka hewani, watu hugeuka kutazama ni nani. Na ni mimi! Bila kusema neno!

Lazima ipo njia.

Alhamisi, 5 Juni

Njia imepatikana. Vifaa!

Nimesoma sana mtandaoni. Walengaji wakali wote wana kizibao chenye pedi begani. Mwenye kizibao hujiamini. Anayejiamini ana sauti. Mbona rahisi.

Mama ni fundi cherehani, kwa hiyo nimemwomba anishonee. Akauliza pedi ya nini. Nikamwambia bunduki hurudi nyuma na kupiga bega. Kosa kubwa. Mama kafumua mto wa kochi na sponji lote kalitia begani, anasema mwanawe hapigwi na kitu akiwa yeye hai. Nimejitazama kwenye kioo. Bega la kulia ni la mbeba magunia. La kushoto ni langu.

Mazoezi ya jioni kama kawaida. Bunduki hazitoki klabuni, zinafungiwa kwenye kabati la chuma, kwa hiyo nyumbani natumia mpini wa ufagio. Nainua, shavuni, begani, naufuata mstari ambapo ukuta unakutana na dari. Mara hamsini. Kaka anasema nisiache kabisa mchezo huu, tangu nianze hakuna utando wa buibui uliobaki humu ndani.

Jumamosi, 7 Juni

Kizibao kimefeli.

Ile pedi ni nene mno, kitako cha bunduki kimekuwa kirefu ghafla. Nikiinua, kinanasa kwapani. Sahani imeshatua, imeshapoa, mimi bado nagombana na kwapa. Afande alisimama nyuma yangu muda mrefu. Kisha akasema, kwa ule upole unaoumiza, kwamba bunduki inatafuta bega na inakuta godoro. Redio alicheka mpaka sahani mbili zikaruka zenyewe.

Na hizo sahani chache nilizorushiwa ni kwa hisani ya Shangazi, aliyekuwa akinikoholea kwa nyuma. Natikisa kichwa, anakohoa, inaruka. Mambo yalianza kunoga. Baada ya kikohozi cha nne Afande akamhamishia meza ya kuandika alama, kule mwisho, na kumshauri akapime kifua.

Shangazi alinipungia mkono kwa mbali kama mtu aliye kwenye meli.

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimepaza sauti! Kwa kweli kabisa! Ndani ya kabati la nguo.

Nilijifungia, makoti ya Mama huku na huku, nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikasema "VUTA!" Sauti ikatoka mpaka nikageuka kuona nani amesema. Nikarudia. Ilikuwa raha isiyoelezeka.

Kwa bahati mbaya fundi bomba alikuwa jikoni, chini ya sinki, amelishika bomba, anasubiri Kaka amwambie afanye nini. Akasikia amri. Akatii.

Maji yamefika sebuleni. Mama alinikuta ndani ya kabati na kuniuliza kama nina akili timamu au niletewe chakula humo humo. Fundi bomba alikuwa muungwana. Alisema amefanya kazi na wasimamizi wengi lakini hajawahi kupewa amri iliyonyooka vile.

Nimetafakari huku napiga deki. Kumbe sauti ninayo. Tatizo langu si sauti. Tatizo ni kwamba kabati halibebeki.

Jumatano, 11 Juni

Akili yangu wakati mwingine inanitisha. Kama kabati halibebeki, beba kilichomo!

Jana nilijirekodi humo kwenye simu: "Vuta!" moja safi. Sauti ni yangu halali, sijaazima kwa mtu. Simu nikaitia mfuko wa kushoto wa kizibao (Mama ameshatoa sponji, kwa huzuni). Mpango: bunduki begani, kiwiko kinaibonyeza simu, sauti inatoka, sahani inaruka.

Ikaruka! Nikaipasua. Ya pili, ikaruka. Nikaipasua! Ya tatu, vumbi tupu! Redio akanyamaza. Nimeandika hivi na narudia kuandika: Redio akanyamaza.

Ya nne nikabonyeza kwa nguvu kidogo. Simu ikaruka kwenda kwenye ujumbe mwingine. Ujumbe wa sauti wa Mama, wa wiki iliyopita, wa mkasi wake.

Mama haongei kwenye simu, anahutubia. "WEWE!" Sahani. "MKASI WANGU MKUBWA UKO WAPI?" Sahani mbili. "NIMESEMA MARA NGAPI WA KITAMBAA SI WA KARATASI!" Sikuhesabu. Angani kulikuwa na foleni. Mimi nimeganda, bunduki begani, sithubutu kuondoa mkono kuzima simu, maana Afande ametufundisha kuwa bunduki iliyofungwa, tayari kufyatua, haishikwi kwa mkono mmoja hata kama nyumba inaungua. Nikakumbuka mwishowe. Nikafungua bunduki, nikatoa risasi, nikailaza kwenye kishikio, ndipo nikazima. Mama alikuwa ameshafika kwenye kunitakia siku njema.

Afande akaja polepole. Akasema Mama yangu amerusha sahani kumi na moja, je, na yeye anataka nafasi kwenye timu? Simu kuanzia leo inabaki mezani kwa Shangazi. Kisha akanivuta pembeni akasema mashine haijali neno. Nikitaka niseme "kitunguu". Nitoe sauti tu, binti yangu.

Nikatikisa kichwa. Akasema ndiyo hicho hicho anachokizungumzia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwandikia Afande barua rasmi kuomba nitumie ishara ya mkono. Kurasa mbili, lugha zote mbili, na vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari. Hoja kumi na mbili. Ya tisa niliipenda mno, ilihusu utu.

Kairudisha saa hiyo hiyo. Chini ameandika neno moja: "Paza."

Ila nyuma ya ukurasa, kwa kalamu nyingine, kaongeza: katika chipukizi wote, ni mtutu wako tu ambao haujawahi kumtazama mtu.

Nimeisoma mara nyingi. Nimeikunja nikaiweka chini ya mto. Kesho kutwa mchujo. Sina mpango wowote. Sijawahi kwenda mahali popote bila mpango, hata dukani.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Mvua usiku kucha, uwanja matope. Nikavaa viatu vya mpira vya Kaka, vikubwa kwangu saizi mbili. Tukapangwa watu watano mstari mmoja: mzee mmoja wa benki, wanandoa wawili wenye kofia za kufanana, Redio, kisha mimi. Kila mtu sahani ishirini na tano, kwa zamu. Wale watatu wanafanya mazoezi tu. Nafasi ni yangu au ya Redio.

Zamu yangu ya kwanza: "vuta". Kimya. Sheria mpya, sahani isiporuka ndani ya muda, imepotea. Ikapotea. Ya pili, "vuta". Ikapotea. Ya tatu nilijaribu "kitunguu". Hata mimi sikulisikia. Kule mwisho nilimwona Shangazi ameziba mdomo kwa mikono miwili asije akakohoa.

Redio alikuwa amepata tatu kwa tatu. Ya nne, akaita, akafyatua, risasi ikagoma. Tumefundishwa mara mia: mtutu unabaki mbele, unasubiri, unafungua. Redio akageuka. Akageuka mwili mzima kumlalamikia mama yake kwamba risasi mbovu, bunduki imefungwa, mtutu ukageuka naye, unapita kwa mzee wa benki, unapita kwa zile kofia mbili, unakwenda kwenye meza aliyokaa Shangazi.

"MTUTU!"

Sikujua ni mimi. Wallahi sikujua. Ilitoka tu, kubwa kuliko ile ya kabatini, mbele ya watu. Redio akaushusha chini papo hapo. Mzee wa benki akafungua ya kwake, kofia mbili nao wakafungua. Na mbele yangu sahani ikaruka taratibu, peke yake, ikaenda kutua kwenye majani.

Afande akaichukua bunduki mikononi mwa Redio kama anavyopokelewa mtoto aliyelala. Hakumfokea. Alimwonyesha mama yake alipokuwa ameketi, akamwonyesha mtutu, basi. Redio uso ulimsawijika. Akapewa onyo la mwisho, akakaa kwenye benchi mpaka Afande aliporidhika kumrudisha mstarini.

Kisha Afande akaja kwangu. Akasema ile sahani haihesabiki, nirudie. Akasema neno nilishalipata.

Nikafunga bunduki. Nikasema "MTUTU!" Ikaruka. Ikapasuka! Mzee wa benki akafungua bunduki yake kwa woga. Zamu iliyofuata: "MTUTU!" Ikapasuka! Kofia mbili wakainama. Afande akawaambia wavumilie, binti hajaumia na wala wao hawajaumia, watazoea. Nikajaribu kurudi kwenye "vuta" kwa heshima ya mchezo. Mnong'ono ule ule. Ikapotea. Nikarudi kwenye "MTUTU!" mpaka mwisho.

Redio alimaliza na kumi na nne.

Mimi nilibakiwa na sahani moja, nikiwa na kumi na nne.

Sikumbuki kuita. Nakumbuka sahani ilikwenda kushoto, chini, na upepo. Nakumbuka shavu kwenye mbao. Kisha kitu cheusi kikawa vumbi, na watu wote wakageuka kutazama ni nani.

Kumi na tano!

Shangazi alikuja mbio kwenye matope akanikumbatia, viziba masikio vyetu vikagongana. Alikuwa analia. Hakusema sahani, hakusema timu. Alisema bila mimi mwanawe angekuwa ameua mtu, au amemuua yeye mama yake. Nikamwambia samahani. Sijui kwa nini niliomba samahani mimi.

Jumapili, 15 Juni

Niko kwenye timu! Jina langu limebandikwa ubaoni, na Afande ameliandika kwa herufi kubwa.

Kila mtu anataka kuniambia siri ya ushindi. Afande kampigia Mama: sauti, sauti, siku zote huyo mtoto sauti alikuwa ameificha wapi? Mama anasema sauti, katoa kwake. Fundi bomba, aliyerudi kumalizia sinki, anasema sauti, yeye alishaisikia mapema.

Nimekaa na daftari nikachambua bila upendeleo. Nini kilikuwa kipya jana ambacho hakikuwepo siku nyingine zote?

Viatu!

Ukizama kwenye tope hadi kifundo, miguu haitetemeki. Miguu isipotetemeka, sauti inakosa pa kukimbilia, inatoka juu. Sayansi tupu. Sijui kwa nini hakuna aliyeliona hili.

Redio alikuja alasiri. Akakaa kwenye kigoda jikoni na kusema asante, taratibu, mpaka nikamwambia arudie. Akarudia. Kisha akaniuliza, kwa kuwa yeye ni mchezaji wa akiba na anataka kujirekebisha, siri ni nini hasa. Nikamhurumia. Nikamwambia: viatu vya mpira, saizi mbili zaidi. Akaandika kwenye kiganja. Magharibi Shangazi alipiga simu kuuliza kwa nini mwanawe anatembea sebuleni na mabuti ya baba yake.

Kaka anadai viatu vyake. Nimemwambia sasa hivi ni vifaa vya timu.

Liko tatizo moja tu dogo. Uwanja wa mashindano, nimeuona kwenye picha, una sakafu ya zege. Safi, kavu, hakuna tope hata la kupaka kidole. Nilikosa raha kwa kama dakika kumi. Kisha nikapata jibu. Tope litakwenda nami. Nimeshapima beseni kubwa la Mama la kufulia: miguu yote miwili inaingia, na nafasi ya kugeuka kiuno inabaki.

Mama akauliza kama isingekuwa rahisi zaidi kupaza sauti tu kama jana.

Mama ni fundi mzuri sana wa nguo. Lakini mambo ya vifaa, jamani, hayajui kabisa.