Ramani Yangu Ilisema Mita Mbili

Wenzangu wa chuo, leo nimeaibika katikati ya Mto Athi, na bado nasema sikukosea.

Mnajua kazi yangu ya muda huku Kibwezi: kupima kina cha mto na kukichora kwenye kompyuta, ili boti ya kuvusha watu ijiendeshe yenyewe kwa kufuata ramani. Leo Injinia, bosi wa mradi, alikuja kuijaribu. Ikivuka, naajiriwa. Isipovuka, narudi Matiliku kwa baba kupalilia ndengu. (Ramani nilikuwa nimeikagua mara kumi na moja.)

Tulipofika niliona fimbo nne zimesimama majini, zimepangwa mstari, kila moja imechomoza mita moja juu ya maji. Ramani ilisema kina cha hapo ni mita mbili. Nikapiga hesabu: kila fimbo lazima iwe na urefu wa mita tatu! (Digrii hiyo.) Nikaamua ni miti iliyoletwa na mafuriko.

Boti ikaondoka. Kompyuta ikaigeuza kushoto, ikaigeuza kulia, safi kabisa! Halafu, kwaruu! Tukakwama.

"Shuka usukume," Injinia akasema.

"Hapana, mzee! Hapa ni mita mbili. Na mimi sijui kuogelea."

Nikavaa jaketi la kuokoa maisha. Nikamvalisha na yeye. Nikaanza kupiga mayowe.

Mara akaja Mama Mwende, anayeuza nyanya ng'ambo, akiongoza punda wake. Akapita kando yetu. Kwa miguu! Maji yalimfika magotini.

"Aiya! Kijana wangu, unaogopa kulowesha soksi?"

Injinia akachungulia maji. Kisha akanichungulia mimi.

"Mama, ramani inasema..."

"Hiyo ramani ilikuja hapa baada ya mvua? Mto ulimwaga mchanga Jumanne. Fimbo tumezisimika sisi, watu wajue pa kupita. Mbona hukuuliza?"

Injinia akavua viatu, akapanda punda, akavushwa. Mimi nikafuata kwa miguu, jaketi la rangi ya machungwa limefungwa mpaka kidevuni, akina mama wa ng'ambo wakinipigia vigelegele kama bwana harusi.

"Kazi umepata, maana boti imefuata ramani yako barabara," Injinia akaniambia, akikung'uta mchanga. "Lakini kila mafuriko yakipita unapima upya, na Mama Mwende ndiye atakayekukagua."

Nimekubali. Ila niseme wazi: ramani yangu ilikuwa sahihi kabisa, kwa mto wa mwezi uliopita. Anayetaka kucheka aje kwanza aupime huu wa leo, kabla haujahama tena.