Yah: Ombi la Kuandikiwa Umri Mpya kama Mlivyoliandikia Jenereta

Ndugu Mkuu wa Utumishi,
Ghorofa ya Nne, jengo hili hili.

Nakusalimu kwa heshima zote za kazi. Mimi ni yule fundi wa jenereta, chumba cha chini nyuma ya maegesho, mwaka wa ishirini na sita sasa. Unanifahamu, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kikao chako, mimi ndiye unayenitaja, wakati mwingine kwa wema.

Jumatatu nilipokea barua yako. Inasema kwa kuwa nimefikisha miaka hamsini na saba, na nesi wa kampuni hakuridhika na moyo wangu, kuanzia mwezi ujao nihamie getini, nikae kitini niandike namba za magari, na funguo za chumba cha jenereta nimkabidhi fundi mpya, yule binti aliyetoka chuo. Nimeisoma mara nne nikiwa nimesimama. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili yasikusumbue.

1. Umri mlioandika ni wa zamani. Miezi mitatu iliyopita mpwa wangu, anayeuza kwenye duka la dawa, aliniletea chupa ya vidonge vya lishe vya kutunza mitokondria. Shule mimi niliishia darasa la saba, ila kijikaratasi cha ndani ya boksi nilikielewa kuliko daktari, maana kimeandikwa kifundi: mitokondria ni injini ndogo zilizo ndani ya seli, zinachoma chakula zikatoa nguvu, na mtu akizeeka nazo huchoka. Basi! Ndugu, injini ni mambo yangu. Mpwa aliongeza, "Mjomba, hiki ni kirutubisho tu, hakirudishi ujana, na kutembea kila siku kuko pale pale," lakini huyo hajawahi kushusha injini hata ya pikipiki, kwa hiyo nilimsamehe.

2. Mwaka juzi nilishusha injini ya jenereta letu, lenye miaka ishirini na mbili. Nikabadilisha pistoni, ringi na beringi zote. Siku ile wewe mwenyewe, kwa kalamu yako ya bluu, ulitia sahihi kwamba hesabu ya saa zake za kazi ianze tena kwenye sifuri. Kitabu ninacho. Sasa kama chuma kilichotengenezwa injini moja kimeandikwa kipya, mimi niliyefanyiwa injini zote, kuanzia kisogoni hadi kidole gumba cha mguu, naandikwaje mzee? Siombi miezi mitatu, maana mtoto wa umri huo haajiriwi. Naomba miaka ishirini na minane.

3. Kuhusu nesi. Alinipandisha ngazi hadi ghorofa ya pili, akanishika mkono, akaandika mapigo mia na arobaini na neno "hatari". Hakuuliza injini ngapi zilikuwa zinawaka. Ukiwasha mabilioni ya injini mpya kwa pamoja, mtetemo lazima uwepo. Na ule mluzi aliousikia kifuani ni hewa ikiingia kwenye silinda. Isitoshe, injini iliyotoka kuundwa haibebeshwi mzigo mwanzoni, hilo hata binti wa chuo analijua. Ndiyo maana nyumbani sijagusa ndoo wala mtungi wa gesi tangu nianze vidonge, jambo ambalo mke wangu amelipa jina jingine.

4. Nguvu ninazo na shahidi yupo. Wiki iliyopita jenereta liligoma, betri imekufa kabisa. Niliweka kiganja juu ya kifuniko, nikavuta pumzi, likawaka. Sisemi nililitia umeme. Nasema mlinzi alikuwepo, na tangu siku hiyo hanipi mkono. Binti anadai alikuwa ameunganisha betri nyingine kwa nyuma. Vijana wanapenda kujisifu.

5. Familia yangu imevurugika kwa kukosa karatasi yako. Kifungua mimba wangu ana miaka thelathini na mmoja, yaani kwa hesabu mpya amenizidi mitatu. Mimi ni mtu wa adabu. Jumanne mezani nilimwamkia shikamoo, naye kwa usingizi akaitikia marahaba. Mama yake aliweka kikombe chini na hajatusemesha hadi leo. Barua yako, yenye mhuri, ieleze pia kwamba mume ni yule yule, majirani wasije wakamsema kwamba anaishi na kijana.

6. Dada yangu mkubwa. Ana sitini na tisa, hajameza hata kidonge kimoja, huenda sokoni kwa miguu na kurudi, na kila siku hupita na kikapu chake kunicheka mbele ya walinzi: "Mdogo wangu, hizo injini zinakula mafuta gani, mbona zinakoroma ukiwa umekaa?" Mkiniweka getini, atakuwa hana haja hata ya kuingia ndani.

Kwa hiyo barua ifutwe, faili lirekebishwe, nami nipangwe na timu ya vijana. Habari za kustaafu nitazungumza na mrithi wako, baada ya miaka thelathini na miwili. Na funguo zibaki mfukoni mwangu. Ndugu, jenereta lile nakijua kikohozi chake. Nikitolewa mle ndani sijui nitaitwa nani.

Nisalimie katibu muhtasi, wahudumu wa usafi wa ghorofa zote, na nesi pia, sina kinyongo.

Wako katika kazi, mwenye nguvu za kubakiza,
Fundi wa Jenereta (28)

Tanbihi: Nilitaka kuileta barua hii mwenyewe, ila lifti ni mbovu. Kabla ya ghorofa ya pili nilikaa kwenye ngazi ili injini zipoe, ndipo dada akanikuta, akanishusha kwa kunishika kwapa. Huyo aliyesimama mbele yako na kikapu ndiye yeye. Usijisumbue kumpa kiti, atakwambia hajachoka. Mimi naandika haya nikiwa getini, kwenye kile kiti. Kina mto. Dirisha la chumba cha jenereta linaonekana vizuri kabisa, na jenereta likikohoa linasikika. Nimeshaandika magari matano. Mwambie binti kabla ya kulizima aliache dakika tano bila mzigo. Funguo zimo ndani ya kikapu, chini ya nyanya.