Keki ya Nyokabi na Injini Namba Saba

Jumatatu, 4 Agosti

Nyokabi, mjukuu wangu, anatimiza miaka sita Jumamosi. Nimemwahidi keki yake italetwa na treni ya guka, yaani mimi babu yake. Injini ninayo: urefu wa mkono, nzito kama jiko la makaa. Kilichobaki ni dikoda, kidude kinachopokea amri ya rimoti na kuipelekea mota. Sherehe ni kwa rafiki yangu Hanif, daktari wa meno mstaafu, aliyetandaza reli bustanini kwake Parklands. Kanishauri nizuie magurudumu kwa mkono, nipime mota inakula umeme kiasi gani, ndipo nichague dikoda inayobeba zaidi. Kupima! Mimi si fundi cherehani. Nimechagua ndogo, maridadi, yenye honi tamu.

Jumatano, 6 Agosti

Moshi! Si wa treni, wa dikoda. Honi ililia mara moja, ikakata roho. Mke wangu Janice kafungua madirisha yote ya fleti yetu hapa Kilimani, akauliza kama nimekusudia kumfanya mjane. Jioni Hanif akapiga simu. Kasema, kwa upole unaoudhi, nisihangaike, injini yake namba saba itavuta keki. Chakula kilinishinda. Ahadi ni ya guka, si ya Hanif!

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata dikoda kubwa mjini. Nimeifunga mwenyewe. Kila dikoda hupewa namba yake, ili rimoti iamshe injini moja tu. Yangu nimeipa saba. Ndiyo, saba, kama ya Hanif! Kesho nitaiunga injini yangu nyuma ya behewa la keki. Hanif akibonyeza, yangu itasukuma, honi italia, na Nyokabi atajua nani kaleta keki. Hanif kauliza kama nimeijaribu relini. Nimemwambia asinifundishe kazi.

Jumamosi, 9 Agosti

Balaa! Hanif alibonyeza. Injini yake ikaenda mbele. Yangu, kumbe waya za mota nilizigeuza, ikarudi nyuma. Zikavutana kama watoto wa shule na kamba, keki katikati. Kiungo cha mbele kikakatika! Yangu ikatoroka na keki, honi ikilia, ikapinduka konani, ndani ya maua ya mkewe Hanif.

Nyokabi akaangua kilio. "Guka, si ulipromise!" Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwomba msamaha huku machozi yakinilenga.

Ndipo binamu zake wakatokea na ndoo, maana birthday bila kumwagiwa maji si birthday. Nikasimama mbele yake, nikaoga mimi. Akacheka mpaka akakaa chini. Hanif akaokoa nusu ya keki. Kuhusu zile saba mbili ameelewa, najua. Alinikonyeza tu, hakunisema.

Jumapili, 10 Agosti

Nyokabi kapiga simu baada ya kanisa. "Guka, next year nataka treni yako inibebe mimi!" Yangu! Si ya Hanif! Nimefurahi kupita kiasi.

Nimelitafakari kosa langu kwa unyenyekevu, nikaliona: dikoda ilikuwa moja. Nimeshaagiza mbili. Ndogo, maridadi, zenye honi tamu. Hanif kashauri nipime kwanza. Wivu huo.