Mkono wa Mama Katika Dirisha la Biro

Kwa. Ndivyo unavyolia muhuri wa Leta, hiyo serikali, ukianguka juu ya meza, kama mchi uliokosa kinu ukagonga ukingo. Nimeusikia asubuhi nzima nikiwa nimekaa kwenye baraza ya biro, ofisi ya Leta, pale Fizi, na sasa nimesharudi Baraka, lakini nikifumba macho bado nausikia. Kila ulipolia, mtu mmoja alitoka mlangoni anacheka, safari yake mkononi.

Rebeka, Esteri, na ninyi wengine wa Mboko mtakaosomewa barua hii (mtasomewa, Rebeka hajui kufunga mdomo): leo nimepata haya mbele ya watu, ya kutosha ukoo mzima. Afadhali msikie kwangu kabla habari haijafika huko kwa kamyo, lori la pamba.

Chanzo chake mnakijua. Shule ya wakunga ya ng'ambo ya ziwa, Kigoma, imenikubali. Boti inaondoka Baraka kesho asubuhi, na nyingine haipo mpaka shule iwe imefunguliwa na nafasi yangu imekaliwa na mwingine. Lakini Kigoma ni kwa Waingereza na sisi tuko kwa Wabelgiji, hivyo huwezi kupanda boti tu kama unakwenda Kazimia kuuza samaki wa ndagala. Inatakiwa viza. Na msichana ambaye hajaolewa hapewi viza mpaka mzazi wake atie alama ya kidole gumba mbele ya karani. Baba hayuko duniani. Baba mdogo yuko na nyavu zake, nani ajuaye wapi. Akabaki mama.

Mama alikubali. Alifunga kikwembe, kitenge chake cha kanisani, tukapanda kamyo ya pamba mpaka Fizi. Mimi nilivaa gauni langu jeupe la ubatizo (wakati ule lilikuwa refu) na viatu vya dada Salome. Dada Salome ana mguu mkubwa, basi nikajaza pamba kwenye ncha. Nilijiona mkunga tayari. Njia nzima nilimweleza mama jinsi nitakavyorudi na kofia nyeupe kichwani, nizalishe Baraka yote, na nikimaliza wanawake nizalishe hata mbuzi.

"Bambuzi banajizalisha, mutoto wangu," mama akasema.

Zamu yangu ikafika. Nikamwacha mama kwenye baraza, nikaingia kwanza na karatasi zangu. Nilitegemea kumkuta yule karani mzee mwenye kikohozi. Lakini karani mzee anaumwa, na nyuma ya meza, katika shati lililopigwa pasi mpaka linakata, alikaa Wilondja.

Wilondja ndiye mchumba wa dada Salome. Alikuwa akifanya kazi Uvira, sikujua kwamba ameletwa Fizi. Mbuzi zake za kwanza za mahari zimefika kwetu, zilizobaki zinakuja baada ya mavuno. Sasa, ninyi hamhitaji kuambiwa mambo ya mkwe na mama mkwe, lakini Esteri alilelewa misheni, nimkumbushe. Hawaonani uso. Mmoja akitokea njiani, mwingine anaingia porini. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai chini ya paa moja. Mama hajawahi kumwona Wilondja hata siku moja. Anamjua kwa mbuzi zake tu.

"Shemeji," Wilondja akasema, amefurahi. "Ni weye unavuka?"

"Ni miye."

Akachukua picha yangu, akaitazama, akanitazama. "Picha hii haifanane na weye. Huku umetosha macho sana."

(Mpiga picha wa Baraka aliwasha taa yake bila kuniambia, macho yakanitoka.)

"Ni miye tu, shemeji."

"Sawa." Akaandika neno kwenye karatasi. "Mama iko wapi, atie kidole?"

Nikaonyesha mlango kwa kidevu. Nikaona wazo linamfikia polepole, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha chungu motoni.

"Mama," akasema. "Ni mama gani?"

"Niko na moja tu."

Akasimama, akageuka, akatazama ukuta.

Nilitoka kumwambia mama. Nilipotaja jina la karani, alivuta kikwembe kichwani palepale, akaondoka mbio kuzunguka nyumba kama biro inaungua. Nilimkuta kwa nyuma, amechuchumaa chini ya dirisha, haonekani hata jicho.

"Mama, boti ni kesho."

"Najua."

"Na karani mwingine haiko."

"Nimesikia. Lakini nikiingia mule, Salome ataolewa na nani? Na miye nitatazama batu na macho gani?"

Nilikaa karibu naye kwenye majani, gauni la ubatizo na yote. Nikawaza kofia yangu nyeupe. Nikawaza boti inavyotoka Baraka na mizigo ya watu wengine. Kisha nikainua uso, nikaliona lile dirisha juu yetu. Halina kioo, lina ubao tu wa kufungua na kufunga, na haliko juu sana. Hapo akili yangu ikafanya kazi (afadhali ingepumzika tu).

Mpango ulikuwa huu. Mama abaki nje, amejifunika, apitishe mkono dirishani. Wilondja abaki ametazama ukuta. Mimi nisimame katikati, nishike mkono wa mama, nichovye kidole kwenye wino, nikibandike kwenye karatasi. Uso hautaona uso.

Mama alifikiri sana chini ya kikwembe. "Mukono haiko uso," akasema mwishowe.

Nikaingia kumwambia Wilondja. Naye alifikiri, kisha akauambia ukuta. "Sheria inasema mbele ya karani. Haiseme karani anatazama wapi."

Basi nikafungua ubao, na mkono wa mama ukaingia. Ule mkono mnaujua. Umetwanga muhogo tangu kabla sijazaliwa, una nguvu kuliko mikono miwili ya kaka zenu. Nikaushika vizuri, nikazungusha kidole kwenye kitambaa cha wino mpaka kikalowa chote. Kazi safi kabisa. Sasa karatasi. Karatasi ilikuwa upande wa pili wa meza, siifikii.

"Shemeji, unisukumie karatasi."

Wilondja, uso ukutani, akapapasa nyuma yake, akasukuma. Karatasi ikapita meza yote, ikaanguka chini. Ninainama nusu, mkono wa mama bado nimeushika, na mlango unafunguliwa. Anaingia Bwana wa Teritwari mwenyewe, mzungu mkuu wa wilaya.

Jiwekeni mahali pake. Karani wake amesimama pembeni kama mtoto aliyeadhibiwa. Dirishani mwake umeingia mkono wenye wino, hauna mwenyewe. Na msichana asiyemjua ameukamata kama samaki anayetaka kurudi majini.

"Nini hii?" akasema.

Mama aliposikia sauti ya mzungu, akavuta mkono.

Na mimi niliona kitu kimoja tu: boti ikiondoka. Sikuachia. Mama akavuta tena. Nikanyanyuka kutoka chini. Akavuta mara nyingine, ile nguvu ya kung'oa shina la muhogo, na mimi nikaenda na mkono. Kichwa kikapita dirishani. Mabega yakapita. Halafu pale penye kiuno dirisha likakataa, sikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Watu wote wa baraza walikuwa wameshazunguka nyumba kutazama. Mchungaji wetu wa kanisa alikuwepo. Vijana wa kamyo walikuwepo. Nusu yangu ilikuwa nje mbele yao, na nusu nyingine ilikuwa ndani ikimpiga mateke Bwana wa Teritwari. (Sikukusudia. Miguu haikuwa na macho.)

"Niachilie, mutoto," mama akasema chini ya kikwembe chake. Alikuwa haoni kitu.

"Siwezi, mama. Boti."

"Boti haiko mule kwa mukono yangu."

Mzee mmoja wa milimani, aliyekuja kutafuta ruhusa ya kushusha ng'ombe zake, alisogea karibu na fimbo yake. Akanitazama kichwa, akatazama mbao za dirisha, bila kucheka hata kidogo.

"Ndama akikwama namna hii," akasema, "hamumuvute kwa mbele. Munamurudisha kwa nyuma."

"Na kama anapiga mateke?" kijana mmoja akauliza.

"Munangoja achoke."

Wakakubaliana kungoja. Mama hakungoja. Alijaribu kujinasua kwa kusukuma, na alichosukuma kilikuwa uso wangu. Kidole kile chenye wino, nilichokiandaa mimi mwenyewe kwa uangalifu, kikatua kwenye shavu langu la kulia, kikabonyeza. Hapo ndipo nilipoachia. Bwana wa Teritwari akanishika miguu kwa ndani, akavuta, nikarudi biro na kukaa chini sakafuni kama mzigo.

Alibaki na kiatu cha Salome mkononi. Pamba ikawa inadondoka polepole kutoka ndani yake.

"Pamba ya nani?" akauliza. Pamba yote inayolimwa ni ya Leta, si ya kuchezea, mnajua.

"Ya mguu, Bwana," nikasema.

Wilondja, bila kutoka ukutani, akamweleza yote: mama mkwe, uso, mbuzi, dirisha. Bwana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaokota karatasi, akaokota picha yangu, akaitazama, akanitazama pale chini nilipokaa macho yamenitoka.

"Karani ameandika hapa, picha haifanane," akasema. "Inafanana sana."

Akageuza karatasi. "Na alama ya mama iko wapi?"

Nikagusa shavu.

Ndani hakuna aliyecheka. Nje, waliokuwa dirishani walicheka mpaka nyumba nzima ikasikia.

Bwana aliigeuza karatasi tena. Nilijua sasa atasema njoo mwezi ujao, na nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia Salome kuhusu kiatu, kwa sababu maneno ya kujiambia mimi mwenyewe sikuwa nayo. Lakini yeye alichukua karatasi na kitambaa cha wino, akasema, "Kwa shavu haiwezi kupiga muhuri," akatoka nje, kiatu bado kwapani. Nikamfuata nikichechemea. Akasimama mbele ya lile fungu la kikwembe lililochuchumaa.

"Mama," nikasema, "ni Bwana. Wilondja amebaki ndani. Bwana ndiye ataona."

Mkono ukatoka. Safari hii sikuushika. Mama mwenyewe alikitafuta kitambaa cha wino, mwenyewe akaitafuta karatasi, akabonyeza kidole. Akakiacha pale muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

"Basi, mama," nikasema.

"Iko sawa?"

"Iko sawa."

Ndipo akakiinua.

Bwana alipuliza wino ukauke. Akalitazama lile dirisha. "Mama mukwe yangu anakuja na meli," akasema, sijui anamwambia nani. "Dirisha hii, musifunge." Akanirudishia kiatu.

Kwa. Safari hii muhuri ulikuwa wa kwangu. Wilondja alinipa karatasi akiwa ametazama dari, maana hakuwa na hakika tena nani yuko wapi.

"Safari njema, shemeji. Umusalimie mama." Kisha akafikiri. "Hapana. Usimusalimie."

Kamyo ya kurudi ilijaa watu walewale wa baraza. Nimepewa jina jipya, naitwa Dirisha. Kila tulipopita kijiji, vijana walipiga kelele kwamba wamembeba Dirisha, na kila kijiji kilitaka kuelezwa. Mama alikaa juu ya gunia, uso wazi sasa. Tulipoanza kuliona ziwa ndipo akafungua kinywa.

"Umenitia haya."

"Najua, mama. Unisamehe."

"Miye nilikuwa navuta mukono yangu tu. Ni weye ulikatala kuniachia." Akatazama maji. "Kesho utaniachia vizuri."

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, mnanijua. Badala yake nikasogea, nikakaa naye juu ya gunia.

Basi hayo ndiyo mambo. Dada Salome alicheka mpaka akalala chini, halafu akakagua kiatu chake pande zote. Fundisho sijalipata bado, labda kwamba ukijaza viatu pamba usiende mahali utakapovuliwa. Na ninyi, mkitaka kucheka chekeni, ila yaishie Mboko. Msiyavushe ziwa, kule Kigoma bado mimi ni mtu wa heshima.

Kabla ya kuandika haya nilikwenda majini peke yangu na kipande cha sabuni na kioo cha Salome. Nilisugua mikono mpaka wino ukatoka. Nikaosha shingo, nikaosha paji la uso, nikaosha shavu la kushoto. Kisha nikakitazama kioo. Kwenye shavu la kulia kidole cha mama kilikuwa bado kipo chote, na mistari yake yote, hata lile kovu dogo la kisu. Nikairudisha sabuni ndani ya jani lake, nikalifunga.